Moto ya koperative: gunia lifike leo, mwenye kuipanda arudi mbele ya giza

Kahawa nyekundu ikishachumwa haina subira. Isipopita kwenye mashine ya kumenya siku ile ile, inaanza kuchacha yenyewe ndani ya gunia, na harufu ile haitoki tena hata ukiiosha mara kumi. Kakao nayo ina masharti yake: ikishakauka vizuri, mvua ya nusu saa njiani inatosha kuirudisha kwenye unyevu na kuiletea kuvu. Kwa wanachama wengi wa pande za Kyondo, Masereka, Mutwanga au Bulongo, kati ya shamba na stasio ya kuosha, au kati ya stasio na depo ya mjini, kuna chombo kimoja tu kinachofika kila siku: moto. Gari haipiti mahali pengi, na inapopita, inangoja ijae. Basi moto ikikufa njiani, haikufi peke yake. Bei ya kahawa ya siku ile imekufa nayo.

Kuna jambo la pili, ambalo kila msomaji wetu wa Butembo na Beni analijua kuliko sisi. Tangu Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya hali ya kuzingirwa, ile etat de siege, na hata mbele ya hapo saa za moto kutembea zilikuwa tayari zinapangwa na wakubwa wa mji. Barabara ile ile ambayo asubuhi ni ya soko, jioni si ya mtu. Sheni ikikatika saa nne ya asubuhi ni hasira na pesa kidogo. Ikikatika jua likizama, mahali pasipo nyumba, ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo tukisema "kutunza moto" katika gazeti hili, hatusemi juu ya kuipaka rangi na kuiweka mapambo. Tunasema juu ya kurudi nyumbani.

Makoperative mengi yanapata moto kwa furaha kubwa: mradi umeitoa, au wanachama wamechanga, picha imepigwa. Miezi nane baadaye iko imelala nyuma ya depo bila mpira wa mbele. Si kwa sababu ni moto mbaya. Boxer, TVS, Haojue, zote hizi zinavumilia sana, na vipande vyake vinapatikana Butembo karibu kila kona. Inalala kwa sababu siku ya kununua hakuna aliyepanga pesa ya sheni.

NJIA ZETU SI MOJA

Butembo iko karibu metre 1,800 juu ya bahari. Beni iko kama 1,050 hivi. Kati yao kuna kilometa 54, kupitia Maboya na Kabasha, na katika kilometa hizo unashuka kwa jumla zaidi ya metre 700, ukipanda na kushuka vilima katikati. Ukitoka Beni kwenda mpaka wa Kasindi ni kilometa 80 tena, ukiacha Ruwenzori upande wako wa kushoto, mupaka kwenye joto la bonde la Semuliki. Mwezi Juni 2021 maraisi wa Kongo na Uganda walizindua kule Mpondwe kazi ya kutengeneza barabara hizi mbili pamoja na ile ya Bunagana–Rutshuru–Goma, kilometa 223 kwa jumla.

Barabara nzuri ni baraka, lakini inabadilisha namna moto inavyokufa, na watu pia. Kwenye njia mbovu moto inakufa kwa kutikisika: bulo zinalegea, reyo za magurudumu zinakatika, amortisere zinavuja. Kwenye njia laini inakufa kwa mwendo: mpira uliokwisha unapasuka, freni hazitoshi, Fuso inakuja mbele na hakuna aliyepunguza. Na wale wanaoingia upande wa Manguredjipa wanajua kwamba huko matope ndiyo mwenye amri. Moto moja haiwezi kupangwa sawa kwa njia hizo zote. Jueni kwanza moto yenu inaenda wapi siku nyingi, halafu muipange kwa njia ile.

Kitu kingine kinachosahauliwa ni hewa. Juu mlimani hewa ni nyepesi, na moteri inapoteza nguvu kama sehemu moja ya kumi kwa kila metre 1,000 unazopanda. Kwa hiyo moto inayolalamika na mzigo ikipanda Butembo haijawa mgonjwa. Iko inapumua hewa kidogo. Na kama karbiratere imewekwa sawa na fundi wa Butembo, ukishuka Kasindi itakunywa hewa nyingi zaidi kwa esansi ile ile, na moteri inapata joto. Tofauti si kubwa kiasi cha kuharibu moteri kwa safari moja. Lakini moto inayofanya kazi bondeni muda wote irekebishwe na fundi wa bondeni.

UZITO, AMBAO HATUPENDI KUUHESABU

Sikilizeni maneno haya, ambayo yanasemwa kila msimu mbele ya kila depo:

– Mama, niongezee gunia moja tena, moto iko na nguvu.
– Hapana, kaka. Hii moja inatosha. Utarudia ingine.
– Nabebaka mbili kila siku, haijanigeuza.

Mama mwenye depo ndiye mwenye haki, na hesabu ni fupi. Moto nyingi hizi za 125 au 150 zimetengenezwa kubeba karibu kilo 130 mupaka 150, na ndani ya kilo hizo mwenye kuipanda amehesabiwa. Mtu wa kilo 65 na gunia la kahawa la kilo 60: tumeshafika 125. Weka gunia la pili, tuko 185. Moto haitaanguka siku ile, ni kweli. Inakubali. Inapeleka deni kwenye amortisere, kwenye reyo za nyuma, kwenye sheni, na kwenye kile chuma cha nyuma cha shasi ambacho siku moja kinapasuka mahali palipochomelewa.

Na hapa kuna jambo la wakulima zaidi kuliko la mafundi. Kilo 5 hivi za kahawa nyekundu zinatoa kilo 1 ya parche kavu. Maana yake, anayebeba kilo 100 za kahawa mbichi kupanda mlima amebeba kilo kama 20 za mali. Zingine ni maji na maganda. Koperative ambayo ina mashine ndogo ya kumenya karibu na mashamba inatunza moto yake kuliko ile iliyo na fundi hodari wa mjini. Kabla hamjanunua moto ya pili, ulizeni kama mashine moja ya kumenya, imewekwa kilimani mahali pazuri, haiwezi kufanya kazi ile.

Mzigo wenyewe ukae wapi? Mbele ya ekseli ya gurudumu la nyuma, au juu yake, na chini kadiri inavyowezekana. Uzito ukipita nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kwenye mlima mkali usukani hauna tena neno la kusema. Portibagaje za kuchomelea zinazotengenezwa Butembo ni imara, tunazisifu, lakini angalieni mambo mawili. Ishikwe kwenye bulo za shasi, si kwenye plastiki wala kwenye kizuizi cha matope. Na wakati wa kuchomelea, betri ifunguliwe kwanza, kwa sababu umeme wa kuchomelea unaweza kuua vitu vidogo vya umeme wa moto. Wengine wanaongeza springi ya pili, au vipande vya mpira ndani ya amortisere, ili moto "isikae chini". Moto haikai chini tena, kweli. Mshtuko unaopaswa kumezwa na amortisere unaenda moja kwa moja kwenye shasi. Springi inauzwa dukani. Shasi ikivunjika, unanunua moto.

SHENI

Tukipewa nafasi ya kusema juu ya kipande kimoja tu, tungesema juu ya sheni. Ni kitu cha bei ndogo kinachosimamisha safari kubwa, na karibu kila mara kimetoa onyo majuma mengi mbele.

Sheni inataka kulegea kidogo. Simamisha moto, pwemo ikiwa imewekwa (ile gia huru), na usukume sheni ya chini kwa kidole, katikati ya magurudumu mawili ya meno. Iende juu na chini sentimita 2 mupaka 3. Zungusha gurudumu la nyuma na upime mahali pengi, kwa maana sheni haichakai sawasawa. Pima kwa kufuata mahali inapokaza zaidi. Vijana wengi wanaikaza kama kamba ya gitaa, wakifikiri sheni iliyokazwa ni sheni yenye nguvu. Ni kinyume. Ukipakia gunia, nyuma ya moto inashuka, na sheni inavutika zaidi. Kama haikuwa na nafasi, itavuta ekseli ndogo ya moteri, itakula beringi, au itakatika. Beringi ile iko ndani ya moteri. Kuifikia ni kufungua moteri nzima.

Mafuta ya sheni je? Vumbi jekundu la kwetu likichanganyika na mafuta linakuwa kama mchanga wa kusugulia sufuria. Kwa hiyo usimwage mafuta juu ya uchafu. Sugua kwanza kwa brashi na petroli ya taa kidogo, pangusa na kitambaa, halafu tone tone upande wa ndani wa sheni, gurudumu likizunguka polepole kwa mkono na moteri ikiwa imezimika. Tunakazia: imezimika. Kuna vidole vilivyobaki kwenye sheni kwa sababu ya haraka ya dakika mbili. Fanya kazi hii jioni, ukirudi, sheni ikiwa bado na joto, mafuta yaingie na kukaa usiku. Asubuhi pangusa yaliyobaki nje. Wakati wa mvua fanya kila safari mbili tatu. Wakati wa jua, mara moja kwa juma inatosha kwa wengi.

Utajuaje kwamba imekwisha? Nenda nyuma kabisa ya gurudumu kubwa la meno, uvute sheni kuelekea kwako. Ikiachana na meno na ukaona nusu ya jino, imekwisha. Tazama na meno yenyewe: yakilala upande mmoja kama ndoano, yamekwisha pia. Na hapo ubadilishe vyote vitatu, sheni, meno ya mbele na meno ya nyuma. Kuweka sheni mpya juu ya meno ya zamani kunaonekana ni kubana pesa. Meno yale yaliyoliwa yatakula sheni mpya kwa muda mfupi, na utanunua mara mbili.

VIDANJE, FILITRI, BUJI

Moteri hizi zina karibu litre 1 tu ya mafuta. Gari ina litre nne au tano; mafuta yake yakichafuka, yana wenzao wa kusaidiana. Litre moja haina wenzake. Kitabu cha kiwanda kinaweza kuruhusu kilometa 3,000 au zaidi kati ya vidanje mbili, lakini kitabu kile hakikuandikwa kwa moto yenye gunia, vumbi na mlima wa kila siku. Sisi tunashauri kilometa 1,000, au 1,500 kwa mwenye njia laini na mzigo mdogo. Moto mpya ifanyiwe vidanje ya kwanza mapema sana, kwenye kilometa 500 hivi, kwa sababu unga wa chuma wa vipande vipya unakuwa ndani ya mafuta yale.

Angalia bidoni unayouziwa. Katika moto hizi, mafuta ya moteri ndiyo yanayoosha pia ambreyaje. Mafuta mengi ya gari ndogo yamewekwa dawa ya kutelezesha, na ambreyaje ikitelezeshwa, moteri inalia bila moto kwenda. Tafuta nyuma ya bidoni maandishi JASO MA. Hayo ni ya moto. Na kifuniko kifunguliwe mbele ya macho yako.

Filitri ya hewa ndiyo pua ya moto. Kwenye vumbi nyuma ya malori, pua inaziba kwa siku chache. Ya sponji inaoshwa na sabuni, inakaushwa kivulini, inatiwa mafuta kidogo na kukamuliwa. Ya karatasi haioshwi hata siku moja. Ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, na ikichoka ibadilishwe. Kuendesha bila filitri "ili ipumue" tumekuona kwa vijana wengi. Inapumua, ndiyo: inapumua mchanga, na mchanga unachana silinda.

Buji inakuambia yote haya bila kuongea. Fungua buji baada ya safari, ikipoa. Ikiwa na rangi ya kahawia, kama parche iliyochomwa kidogo, moteri iko sawa. Nyeusi yenye masizi: esansi nyingi, au filitri imeziba. Nyeupe: moteri iko na joto kali, tafuteni fundi kabla ya safari ndefu.

Esansi ya chupa, ile ya Kadhafi wa barabarani, inatusaidia sote na hatutaidharau. Lakini ichujwe kwa kitambaa safi, na uangalie chini ya chupa: maji hukaa chini na kuonekana kama mapovu makubwa yanayotembea. Moto ikianza kukata-kata baada ya kununua, fungua kikombe kidogo chini ya karbiratere, mwaga, ujaribu tena. Mara nyingi ni hicho tu.

KUTEREMKA KUTOKA KABASHA

Kuna desturi moja ambayo tungependa iishe mwaka huu. Motari akifika juu ya mteremko anazima moteri, au anaweka pwemo, aache moto iteremke bule ili kubana esansi. Pamoja na kilo 60 nyuma. Mzigo wote ule sasa unashikwa na freni peke yake. Freni ya nyuma ya moto hizi ni garnitire mbili ndani ya kikombe cha chuma. Zikikazwa muda mrefu zinapata joto, zikipata joto zinateleza, na unakanyaga mupaka mwisho bila jibu. Esansi uliyobana pale haifiki hata kikombe cha chai.

Teremka na vitesi ya pili, kama ni mkali sana ya kwanza, uache moteri ishike moto. Freni zitumike kidogo kidogo, kushika na kuachia. Freni ya mbele inafanya kazi kubwa kuliko ya nyuma mtu akiteremka, kwa kuwa uzito unakuja mbele. Lakini kwenye matope au changarawe ikikamata ghafla, umelala chini. Mkono uwe mwepesi. Na kabla ya kutoka nyumbani tazama mkono wa freni ya nyuma: moto nyingi zina mshale mdogo pale. Ukikanyaga na mshale ukapita alama, garnitire zimekwisha, hata kama unaona freni bado inashika.

Matopeni, chagua mstari wako kutoka mbali, simama kidogo juu ya vikanyagio magoti yakiwa laini, toa gesi ya kadiri na usiikate katikati. Anayesita katikati ya tope ndiye anayekwama. Ukikuta maji yamepita barabara, shuka ukayapime kwa miguu. Moteri ikizimika ndani ya maji, usipige kiki. Sukuma moto nje, toa buji, ipige kiki bila buji mupaka maji yatoke yote, ndipo uirudishe. Maji hayabanwi, ukilazimisha, kinachojipinda ni kipande cha ndani ya moteri.

Nyuma ya lori, kaa mbali. Vumbi likikufunika na wewe huoni, anayekuja mbele naye hakuoni.

KUIVIKA MOTO

Watu wa kwetu wanapenda moto ivae, na si vibaya: vioo, maua, taa za rangi, jina la mtoto kwenye kizuizi cha matope. Tunaomba tu nguo za kazi zitangulie. Chuma cha kinga mbele ya moteri, kwa maana moto yenye mzigo inaanguka hata ikiwa imesimama, na bila chuma kile inavunja kikanyagio cha vitesi. Vioo viwili. Bashi nzuri ya kufunika gunia, ifungwe kwa kamba za mpira wa ndani wa zamani, ambazo zinashika kuliko zile elastiki za duka. Taa za ziada ziwe moja au mbili tu. Kinachotoa umeme ndani ya moteri ni kidogo, na moto yenye taa sita inamaliza betri ikiwa inatembea.

Chini ya kiti au ndani ya mfuko: funguo za bulo kubwa na ndogo, vyuma viwili vya kufungulia mpira, pompa, viraka na gundi, mpira wa ndani mmoja mzima, kipande cha kuungia sheni, buji moja, kamba moja ya ambreyaje, na tochi. Vyote havifiki kilo 4. Upepo wa mipira upimwe asubuhi ikiwa baridi. Kwa mzigo, wa nyuma uwe karibu 32 kwenye saa ya kupimia, wa mbele 25, ila kitabu cha moto yenu kikisema vingine, kifuateni.

Kaske si pambo. Shirika la Afya Duniani linasema kaske nzuri, iliyofungwa, inapunguza hatari ya kufa kwa karibu 40% na ya kuumia vibaya kichwani kwa karibu 70%. Iliyofungwa: ile inayoning'inia kwenye kioo haijahesabiwa. Na mwanachama anayepakiwa apewe yake.

Sasa jambo ambalo wanunuzi wanalilalamikia, na sisi tunalikuta kwenye magunia: harufu. Kahawa na kakao zinanyonya harufu kama sponji. Bidoni ya esansi iliyofungwa ubavuni mwa gunia, kitambaa cha fundi kilichotupwa juu yake, bashi iliyowahi kubeba mazutu, vinatosha. Anayeonja kahawa, hata huko Ulaya, anaikuta kwenye kikombe, na gunia moja likichanganywa na mengine linaharibu jina la wote. Mkibeba kahawa, msibebe esansi. Kama hakuna njia nyingine, bidoni ikae mbele, chini, mbali na gunia, na bashi ya kahawa isitumike kwa kitu kingine chochote. Iandikwe KAHAWA kwa rangi, ili hata anayeazima aone aibu.

PESA NA DAFTARI

Tufanye hesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano tu. Wekeni za soko lenu. Tuseme kwa kila kilometa 1,000 vidanje na kazi ya fundi ni dola 6. Sheni na meno yake dola 24, zikidumu kilometa 12,000, ni dola 2 kwa kila 1,000. Mipira dola 50 kwa kilometa 12,500, ni dola 4. Garnitire, kamba, buji, taa, dola 3. Jumla dola 15 kwa kilometa 1,000. Moto yenyewe, tuseme dola 1,400, ikidumu kilometa 50,000, inakula dola 28 kwa kila 1,000, ambazo msipoziweka kando leo hamtakuwa na moto nyingine kesho. Tunafika dola 43. Kwenda Beni na kurudi Butembo, kilometa 108, ni dola 4 na senti 64, hata kabla ya esansi na mshahara wa motari. Kwa gunia moja la kilo 60, karibu senti 8 kwa kilo.

Wanachama wakiona hesabu hiyo mkutanoni, kelele zinapungua. Wengi hufikiri moto ya koperative ni ya bule kwa sababu ilitolewa na mradi, na mwanachama mwenye jina kubwa anaichukua siku ya arusi. Kila safari ilipe kilometa zake, hata ya prezida, na pesa ile ikae kwenye sanduku lake peke yake, isichanganywe na ya kununulia kahawa. Karatasi za moto ziwe kwa jina la koperative, si la mtu. Sheria ya OHADA juu ya makoperative, inayotumika kwetu Kongo tangu Septemba 2012, inaipa koperative iliyoandikishwa haki ya kuwa na mali yake yenyewe. Itumieni haki hiyo, hasa siku ambapo motari anaacha kazi au anafariki na familia yake inakuja kudai.

Motari awe mmoja, au wawili wanaojulikana. Moto ya watu kumi haina mtu anayesikia sauti yake ikibadilika. Na apewe daftari la kurasa mia moja. Ukurasa wa kwanza una namba ya shasi, namba ya moteri na siku iliyonunuliwa. Kurasa nyingine zina mistari mitano tu: tarehe, kilometa za kutoka, kilometa za kurudi, mzigo ulikuwa kilo ngapi, na nini kilifanywa au kilisikika. "Freni ya nyuma inalia" ni mstari wa kutosha. Akishaandika, mwenye depo anatia sahihi, na siku ya Jumamosi, kabla motari hajalipwa, wawili hao wanapima sheni pamoja na kuandika sentimita zake.